Chokaani, Juu ya Mnara

1

Asubuhi ile Zubeda Singano alifagia mbele ya nyumba yake kama kawaida, na kama kawaida hakupata taka. Hapakuwa na kipande cha karatasi, wala ganda la ndizi, wala alama ya kandambili kwenye mchanga zaidi ya zake mwenyewe za jana. Upepo wa juu huku ulikuwa umeshamtangulia. Kila kitu chepesi ulikibeba zamani ukakitupa chini. Alifagia hivyo hivyo, kwa sababu mama yake alifagia hapo maisha yake yote, na kwa sababu mwanamke wa Chokaani asiyefagia mlangoni kwake alikuwa akisemwa. Siku hizi hapakuwa na wa kumsema.

Nyumba zilikuwa kumi na moja, sita upande huu na tano upande ule, zote za mawe na chokaa, zenye baraza mbele na ua nyuma. Hakuna hata moja iliyopungukiwa mlango. Ukizitazama kwenye picha ungesema mtaa ni mzima. Ilikubidi usimame katikati yake, usikilize, ndipo ujue kwamba milango tisa ina kufuli.

Mlango wa kumi ulikuwa wake. Wa kumi na moja, ng'ambo kidogo ya njia, ulikuwa wa Mbwana Shekue, fundi cherehani, mzee wa miaka sabini na mitatu aliyefiwa na mkewe huko nyuma kabla mtaa haujapandishwa. Mashine yake ilikuwa imeanza kulia.

"Shikamoo, baba," Zubeda alimwita.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Kuna kazi leo?"

"Nashona mto."

Alikuwa akishona mito tangu mwezi uliopita. Kila alipomaliza mmoja aliuweka barazani, kwa ajili ya watu watakaokuja kukaa wakisubiri nguo zao. Mito ilikuwa imefika tisa.

Zubeda ndiye aliyeupandisha mtaa huu. Miaka minane nyuma, bahari ilipoanza kuingia mitaa ya chini ya Tanga na watu elfu sita wakawa wanalala kwenye madarasa na maghala, mji ulitafuta mahali pa juu pa kujenga, na pakapatikana Chokaani tu. Lakini Chokaani ulikuwa mtaa kongwe, na sheria ilikataza kubomoa hata baraza moja. Wenye nyumba wakasema hatutoki. Waliofurikiwa wakasema, na sisi tukalale wapi? Ilifika mahali watu walikuwa wakishikana mashati sokoni. Zubeda, aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka mashariki na kusomea uhandisi wa udongo, akaja na jibu ambalo halikumnyima mtu kitu. Alitoboa ardhi chini ya mtaa, akapitisha mabomba, akaumwagia udongo vijidudu vinavyokula molasi na vumbi la chokaa. Kwa siku arobaini vijidudu vile viliushika mchanga chembe kwa chembe, mpaka mtaa mzima, misingi na visima na mizizi ya miti, ukawa umekaa juu ya bamba moja gumu lenye unene wa mita sita. Kisha jeki mia mbili na kumi na mbili zikalisukuma bamba kwenda juu, kiganja kimoja kwa saa, huku mashine zikimwaga zege na kuchapa mnara chini yake, ghorofa baada ya ghorofa. Wenyeji hawakuhama. Walipika uji humo humo ndani na haukumwagika. Watoto walishuka kwenda shule kwa ngazi iliyokuwa ikirefuka kila siku.

Bamba liliposimama juu ya ghorofa ya thelathini na tatu, waliofurikiwa walipata nyumba na Chokaani ikabaki na kila jiwe lake. Watu walimbeba Zubeda mabegani.

Jambo moja hakulipima. Hapo chini, Chokaani ilikuwa katikati ya soko na stesheni. Watu hawakuwa wakija Chokaani, walikuwa wakipita. Katika kupita huko walinunua, waligombana, walishonesha suruali, waliposana. Juu ya mnara hapapiti mtu. Hufika aliyekusudia tu, tena kwa kibali, wageni arobaini kwa siku, na asipike kwa mkaa maana moshi unaharibu chokaa, na asigongomee msumari ukutani. Tatu Chambi, aliyekuwa akikaanga muhogo nyumba ya tatu, ndiye aliyetangulia kuondoka. Alishuka ghorofa ya kumi na mbili, ambako kulikuwa na wanunuzi. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja akisema anakwenda kwa muda tu.

Lifti ilifunguka upande wa mashariki. Zubeda aliinua kichwa. Alikuwa na tabia hiyo sasa, ya kuinua kichwa kila lifti ilipofunguka, na alijichukia kwa hilo.

2

Aliyetoka alikuwa Novatus Mhina, afisa wa hifadhi, kijana mpole aliyevaa viatu vizito na kubeba mkoba wa turubai. Alikuwa akija kila baada ya miezi mitatu kukagua nyufa.

"Shikamoo, mhandisi."

"Marahaba. Mbona mapema? Nilikutegemea mwezi ujao."

Novatus hakutoa vifaa vyake. Aliketi barazani bila kukaribishwa, na hilo peke yake lilimfurahisha Zubeda kiasi kwamba alikwenda kutia maji ya chai kabla ya kusikia habari yenyewe.

"Sheria inataka kaya tatu," Novatus alisema Zubeda aliporudi. "Mtaa kongwe usio na kaya tatu si mtaa tena, ni makumbusho. Ninyi mko wawili. Ijumaa ya wiki ijayo nafunga faili."

"Na likifungwa?"

"Linawekwa kuba la kioo. Wageni wanatazama wakiwa kwenye kidaraja cha juu, hawakanyagi. Wewe na mzee mnapewa nyumba huko chini."

Ng'ambo ya njia mashine ya Mbwana ilinyamaza, ikaanza tena.

"Kuna njia nyingine," Novatus aliendelea. "Stesheni ya treni ya kebo imekwisha kujengwa, ile ya upande wa magharibi wa paa. Lifti kubwa ziko mashariki. Kila asubuhi watu elfu sita wanashuka hadi chini, wanauzunguka mnara mzima, wanapanda tena lifti nyingine. Wameandika barua, wanaomba wapite juu. Mtaa ukiwa njia ya watu, hesabu ya kaya haihitajiki tena."

"Wapite juu wapi?"

"Hapa. Mbele ya mlango wako."

Zubeda aligeuza uso, furaha yake isije ikaonekana. Watu elfu sita. Viatu. Watoto wanaoburutwa mkono. Mtu anayemfokea mwenzake kwenye simu. Kisha akasema kama mhandisi, "Bamba halitabeba. Nililipima kwa nyumba kumi na moja na wageni arobaini."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Kifungu cha tisa. Mhandisi aliyepandisha mtaa ndiye peke yake anayeruhusiwa kuupunguzia uzito. Mwisho nyumba tatu."

"Kubomoa."

"Kuondoa, sheria inasema."

"Kwa ridhaa ya wenyewe?"

Novatus alitazama chai yake. "Saini yako inatosha," alisema.

3

Kwa siku mbili Zubeda alishinda ndani ya bamba. Palikuwa na mlango wa chuma nyuma ya nyumba ya mwisho, na ngazi ya kushukia kwenye njia nyembamba aliyoiacha kwa ajili ya ukaguzi. Humo ukuta ulikuwa mweupe na wenye joto kidogo, maana vijidudu vilikuwa bado hai na alivilisha molasi kila mwezi. Alisoma vipimo kimoja baada ya kingine, akaandika kwenye kompyuta yake, akapanda juu, akashuka tena.

Watu waliosimama ni mzigo mwepesi. Watu wanaotembea pamoja, wakiharakia treni, ni jambo lingine. Hatua zao zikilingana hutikisa, na mtikiso unatafuta mahali palipo dhaifu. Mahali dhaifu pa bamba palikuwa mashariki, juu ya mashimo ya lifti, na Zubeda alilijua hilo kabla hajaanza kuhesabu. Nyumba ya kwanza mashariki ilikuwa ya warithi waliokwisha kuiuza kwa serikali. Ya pili ilikuwa yake. Ya tatu ilikuwa ya Tatu Chambi.

Alirudia hesabu mara saba. Alijaribu kuondoa nyumba za magharibi, akajaribu kumwaga visima, akajaribu kung'oa miti yote. Kila mara jibu lilirudi pale pale: ukiondoa hizo tatu, watu elfu mbili wanapita kwa saa bila wasiwasi. Ukiondoa nyingine yoyote, hapiti mtu.

Alikumbuka mkutano wa wenye nyumba, uani kwa mama yake, miaka minane nyuma. Walikuwa wamekaa juu ya mikeka na ndoo zilizopinduliwa. Tatu ndiye aliyesimama akamuuliza mbele ya wote, "Nyumba yangu itaguswa?" Naye Zubeda alijibu, "Halitaguswa hata jiwe moja, na mimi nikiwa hai." Watu wakapiga makofi. Wakatia saini kwa sababu ya maneno hayo, si kwa sababu ya michoro yake, michoro hawakuielewa.

Angeweza kutia saini asimwambie mtu. Tatu hakuwa amepanda juu kwa miaka mitatu. Angesikia habari nyumba ikiwa imekwisha kuondolewa.

Siku ya tatu alivaa baibui, akaingia kwenye lifti, akabonyeza kumi na mbili.

4

Alisikia harufu ya mafuta kabla ya milango kufunguka. Tatu alikuwa amesimama kwenye korido, mbele ya karai la umeme, mwanamke mnene mwenye miaka sitini na ushei na khanga kiunoni, na mbele yake palikuwa na foleni ya watu saba au wanane. Zubeda alijipanga mwisho wa foleni. Alipofikiwa, Tatu alishika mwiko hewani.

"Zubeda? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Da Tatu. Nimekuja kukuona."

Tatu alimwachia jirani karai, akampeleka Zubeda ndani. Kilikuwa chumba kidogo chenye zulia jipya na dirisha lisilofunguka. Walizungumza kidogo habari za miguu ya Tatu na za binti yake aliyeolewa Muheza. Kisha Zubeda akamweleza yote, moja kwa moja, kama alivyokuwa amejipangia kwenye lifti. Kuba la kioo. Treni. Nyumba tatu.

Tatu alisikiliza hadi mwisho. Aliinuka, akaufunga mlango uliokuwa wazi, akarudi kukaa.

"Unajua kwa nini nilikubali kuhamia kwenye kisanduku hiki?" aliuliza. "Kwa sababu nyumba yangu ipo juu. Siendi, ni kweli. Miguu hii haitaki, na vibali vyenu vile vinaniudhi. Lakini kila siku nikilala najua ipo. Mume wangu alioshewa chumba cha kushoto. Wanangu wote watano wamezaliwa cha kulia. Mtu akiniuliza kwetu wapi, namwonyesha kidole juu. Hivi." Alinyoosha kidole kwenye dari. "Sasa unataka ninyooshe wapi?"

"Nisipoondoa hizo tatu watafunika zote kwa kioo, Da Tatu. Hutaweza kuingia hata kwako."

"Na wafunike. Itakuwa imesimama."

"Mtaa gani huo usiokanyagwa? Wewe mwenyewe ulisema, ulipoondoka, ulisema pamekufa pale."

"Nilisema." Tatu alikunja mikono. "Zubeda, mimi nimekujua tangu unatambaa, kwa hiyo sitakuficha. Usiniambie unaufanyia mtaa. Wewe umechoka kukaa peke yako. Unataka watu. Hilo si kosa, kila mtu anataka watu. Ila usinivunjie nyumba yangu halafu ukasema ni kwa faida ya Chokaani."

Nje kwenye korido watu walikuwa wakicheka juu ya jambo fulani.

"Kwa hiyo hukubali," Zubeda alisema.

"Sikubali. Na saini yako unayo, najua, mambo yenu ya sheria siku zote yako hivyo. Nenda kaitie. Lakini usije hapa kuniomba nikuonee huruma."

Alipotoka, yule jirani aliyeachiwa karai alimfungia muhogo kwenye karatasi na kumwambia amelipiwa. Hakujua na nani. Aliula ndani ya lifti ungali moto, akiwa amesimama, machozi yakimtoka, na wawili watatu walioingia ghorofa za katikati walitazama namba za mlangoni mpaka waliposhuka.

5

Mbwana alikuwa anafunga mashine yake kwa shuka. Mito tisa ilikuwa imepangwa ndani ya gunia.

"Binti yangu wa Korogwe anakuja kunichukua saa tisa," alisema. "Nilitaka kukuambia asubuhi, ukawa umeshatoka."

Zubeda alishika mwimo wa mlango. "Unakwenda kusalimia?"

"Nakwenda kukaa, mwanangu."

"Baba, subiri. Nina jambo la kukueleza." Akamweleza ya watu elfu sita, haraka haraka, akizungumza kama mtu anayeuza kitu. "Mwezi mmoja tu. Miwili ikizidi. Watapita hapa mbele yako, watu wenye vifungo vilivyokatika, watu wenye zipu mbovu. Hutapata hata muda wa kunywa chai."

Mzee alitabasamu na kuendelea kufunga kamba. "Ni habari njema hiyo."

"Basi subiri."

"Nimesubiri miaka mitatu, Zubeda. Asubuhi naamka, nakaa kwenye mashine, nasikiliza lifti. Jana nilijikuta nazungumza na mto. Nikausimulia habari ya mzee mmoja aliyekataa suruali yake kwa sababu mguu mmoja ulimzidi mwenzake. Nikafika mwisho, nikangoja ucheke." Aliinua macho. "Mtu akifika hapo anatakiwa aondoke akiwa bado anaweza kutembea."

"Nilikuwa nafanya hili kwa ajili yako," Zubeda alisema, na alipolisikia neno lake alijua halikuwa kweli lote.

"Usiniweke mimi kwenye hesabu zako," Mbwana alisema kwa upole. "Nitoe. Kisha hesabu tena, uone unapata nini."

Saa tisa binti yake alikuja, mwanamke mrefu aliyekuwa na haraka. Walibeba mashine watatu hadi kwenye lifti. Mbwana alimpa Zubeda ufunguo wa nyumba, akamwambia madirisha ya nyuma yafunguliwe mara moja moja, chokaa inataka hewa. Kisha milango ikajifunga, na namba juu ya lifti zikaanza kushuka: thelathini na tatu, thelathini na mbili. Alizifuata hadi sifuri. Aliendelea kusimama baada ya hapo.

Jioni ile alitembea kutoka mwisho wa mtaa hadi mwisho mwingine. Ilikuwa hatua mia moja na arobaini. Alipofika magharibi aliita "Hodi!" kwa sauti kubwa, ili asikie tu itakavyokuwa. Upepo uliichukua kabla haijagonga ukuta.

Alikaa kwenye baraza ya Mbwana akahesabu tena, bila Mbwana. Alimwondoa na mama yake, ambaye alikuwa marehemu. Aliondoa jina lake kwenye vitabu vya wahandisi, na siku ile ya kubebwa mabegani. Akajiuliza: kama mimi nisingekuwa ninakaa hapa, ningefungua njia hii? Alikaa na swali hilo mpaka jua likazama nyuma ya stesheni mpya. Jibu lilikuwa ndiyo, lakini si kwa nyumba ya mtu mwingine.

6

Ijumaa Novatus alimkuta ameshajaza fomu. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia.

"Nyumba mbili," alisema. "Ya serikali na ya kwako."

"Ndiyo."

"Wakazi wameomba watu elfu mbili kwa saa."

"Watapata mia tisa. Nyumba mbili zikiondoka, bamba linabeba hao tu. Weka lango la kuhesabu kila upande. Wakizidi, wengine wasubiri au wazunguke kwa chini kama zamani. Na ukuta wa nyumba ya Tatu Chambi utiwe nguzo za chuma kabla hamjagusa wangu, maana kuta zetu zinaegemeana."

"Watalalamika."

"Walalamike. Mimi pia nina la kulalamika."

Novatus alikuna kidevu. "Mama, hii ya tatu ukiiondoa inakuwa rahisi kwa kila mtu. Hakai mtu mle."

"Kuna mtu anakaa ghorofa ya kumi na mbili akijua iko hapa. Hiyo nimeihesabu."

Novatus aligeuza ukurasa. Palikuwa na mstari wa kuandika sababu, na kwenye mstari ule Zubeda alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MTAA HAUPITIKI, NA KOSA NI LANGU.

"Hapa huwa wanaandika usalama wa bamba," Novatus alisema taratibu.

"Acha nilivyoandika."

Walianza Jumatatu. Hawakutumia nyundo, mikono ya mashine ilitoa jiwe moja moja na kulishusha chini kwa kamba, na kila jiwe lilipewa namba, ingawa hakuna aliyesema litakwenda kujengwa wapi. Zubeda alisimama upande wa pili wa njia tangu asubuhi. Alikuwa amejiandaa kwa chumba cha mama yake. Kilipofunguka juu, mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwahi kuingia, alitazama kwa utulivu tu. Kilichomshinda ni ukuta wa choo. Baba yake aliupiga lipu mwenyewe zamani, vibaya, ukapinda kama tumbo, na mama yake alimcheka kwa jambo hilo kwa miaka ishirini, kila mgeni alipokuja. Mkono wa mashine ulipolishika lile tumbo Zubeda aliketi chini mchangani. Fundi mmoja alimletea maji. Alimshukuru, akamuuliza jina lake, na baadaye hakulikumbuka.

Nyumba yake ilipokwisha, upande wa nyumba ya Tatu ulibaki uchi: ukuta wa mawe ambao haukuwa umeonwa na mtu kwa miaka mia mbili, haujapakwa kitu, umejaa matundu na mizizi. Zubeda alihamia kwa Mbwana. Kisha akanunua chokaa, akailoweka kwenye pipa, na kwa muda wa wiki nzima, peke yake, akaupiga lipu ukuta ule kuanzia chini hadi alipofikia, na kuanzia hapo kwa ngazi. Mikono ilimchubuka. Hakumpelekea Tatu habari.

Njia ilifunguliwa siku ya Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Zubeda alivaa gauni zuri, akakaa barazani.

Walikuja. Lango liliwaachia kwa makundi, nao wakapita: manesi, wanafunzi wenye sare, wanaume wenye mikoba mgongoni, mwanamke aliyekuwa anasuka nywele za mwanawe huku wakitembea. Mchanga ulilia chini ya viatu. Bamba halikutikisika, alikuwa na kipimo mkononi, alikitazama kila baada ya dakika. Hakuna aliyemsalimu. Wengi walikuwa wakitazama treni ilipofikia. Wachache walitazama mapaa na milango, wakapiga picha bila kusimama. Kundi la mwisho lilipopita alibaki na njia iliyochimbika na kijiti cha pipi.

Ikawa hivyo Alhamisi, na Ijumaa. Alijiambia kwamba hilo nalo linatosha, kwamba mtaa si lazima ukujue jina. Saa nyingine aliamini.

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko siku nyingine, maana kulikuwa na soko mjini. Katikati yao Zubeda aliona khanga aliyoitambua. Tatu Chambi alikuwa akitembea polepole, akitumia fimbo, na watu wakimgawanyikia kushoto na kulia. Alipita mbele ya baraza ya Mbwana bila kugeuza shingo. Alipita mahali palipokuwa nyumba ya Zubeda, akasimama kidogo, akaendelea. Alifungua kufuli yake kwa shida. Baada ya muda madirisha yalifunguka moja baada ya jingine, na vumbi likatoka, kisha ufagio ukatupa taka nje mlangoni, taka za kweli, za miaka mitatu.

Zubeda hakwenda. Alishika magoti yake kwa mikono miwili akabaki alipo.

Tatu alitoka tena, akazunguka upande wa nyumba. Alisimama mbele ya ukuta mweupe kwa muda mrefu, akiegemea fimbo, watu wakiwa wanapita nyuma yake. Alinyoosha kidole akataka kuugusa, akakirudisha. Ndipo akageuka kutazama ng'ambo.

"Hii chokaa imekauka?" aliuliza kwa ukali.

Zubeda alikuwa tayari amesimama.

"Bado!" alijibu. "Usiiegemee mpaka Jumatatu!"

Ilimbidi apaze sauti, kwa sababu ya watu.